Kitanda cha Chumba Namba Nne

Kwako mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti, tena kiti chenye egemeo, si umeinama juu ya beseni kama kawaida yako. Mgongo unasemaje? Na goti la kushoto, bado linatabiri mvua? Nimesimuliwa kwamba daktari alikuambia ulipumzishe, nawe ukamjibu kuwa goti ni lako, yeye ashughulike na ya kwake. Nimesimuliwa pia kwamba unakula vizuri siku hizi, ila miwani umeikalia tena ikavunjika mkono, kwa hiyo najua anayekusomea ni mdogo wangu. Basi mdogo wangu, salamu nyingi, na tafadhali usiruke mistari wala usifupishe. Nakujua. Barua iliyopita mama aliipata nusu.

Sisi huku hatujambo. Kikohozi cha mkwe wako kimekwisha, amebaki na kelele zake za siku zote. Anakuamkia sana. Mimi mwenyewe ni mzima, tena mzima kuliko nilivyokuwa kwa muda mrefu, na sababu yake utaisikia huko mbele.

Najua salamu zote hizi unazipokea huku unagonga kidole juu ya meza. Unataka habari moja tu: hoteli tumenunua au hatukununua? Nivumilie kidogo, mama. Nikikujibu kwa neno moja hutanielewa, na barua hii nimeshaiandika mara mbili nikaichana. Acha nianzie tulikoanzia.

Mwezi uliopita, kama ujuavyo, nilitimiza miaka ishirini na nne katika ile hoteli ya ghorofa nane hapa mjini. Nilianza nikisukuma toroli la usafi, nikamaliza nikiwa msimamizi wa vyumba vya ghorofa tatu za juu. Walinipa kiinua mgongo, keki, na saa ya ukutani inayokimbia dakika kumi. Siku ileile ukaniambia kwenye simu kwamba nimetandika vitanda vya watu vya kutosha, sasa ninunue vya kwangu. Mkwe wako naye, ambaye katika miaka thelathini ya ufundi bomba hajakutana na ukuta asiotamani kuubomoa aone kuna nini ndani, akaja na habari ya hoteli ya vyumba kumi na moja huko milimani, mbali na kila kitu, mwenyewe anauza. Kabla hatujafunga mizigo kwenda kuiona, mtaa wenu wote ulikuwa umeshaambiwa. Mshonaji wa pale kona alinipigia akaniita Bi Mkurugenzi. Na wewe, mama, kwa macho hayo hayo, ukakaa ukashona foronya ishirini na mbili, mbili kwa kila chumba, kila moja na ua la bluu pembeni. Mdogo wangu alinitumia picha. Niliitazama nikaishiwa maneno, na wewe ukadhani ni furaha.

Tulipatana na mwenyewe tukae siku tano, tuone kila kitu kwa macho yetu, na Ijumaa saa sita mchana tumpe jibu la ndiyo au hapana. Kulikuwa na mnunuzi mwingine aliyekuwa akisubiri tuondoke.

Gari liliacha lami saa nne asubuhi, likatupandisha njia ya mawe mpaka saa saba. Mtandao wa simu ulipotea njiani na haukurudi. Pale hotelini simu hushika mahali pamoja tu, juu ya ngazi ya tangi la maji, kwa hiyo mtu akitaka kuwajulia hali wakwe zake hana budi kupanda. Lakini ni pazuri, sitakudanganya. Ni jengo refu la mawe lenye paa jekundu, baraza imepita mbele yote, na chini yake kuna bonde la majani ambalo asubuhi hujaa ukungu usione hata mti mmoja.

Mwenye hoteli wanamwita Nahodha, kwa sababu havui kofia yake ya baharia, ingawa kutoka pale hadi baharini ni safari ya siku mbili na yeye mwenyewe alikiri kwamba chombo pekee alichowahi kukiendesha ni trekta. Mke wake alifariki miaka mingi iliyopita. Ana magoti kama yako, na ulimi wa muuzaji hasa. Maji yakitoka na rangi ya chai, anasema ni madini, watu wa mjini hulipia. Mlango ukilia, anasema hiyo ni kengele ya wezi, tena haili umeme.

Sasa sikia aibu niliyoipata siku ya kwanza. Gari liliposimama, mkwe wako alibaki kushusha mabegi, nami nikachukua langu nikatangulia. Nahodha alikuwa amesimama kwenye ngazi za mbele, kofia imenyooshwa, anangoja kunikaribisha. Akangoja. Mwishowe akaja kunitafuta, akanikuta jikoni katikati ya magunia ya viazi, namuuliza mpishi daftari la zamu liko wapi nitie sahihi. Miguu ilinipeleka yenyewe, mama! Miaka ishirini na nne nimeingia hotelini kwa mlango wa nyuma, na kabla ya hapo nilikuwa nimeshika gauni lako tukipita kile kichochoro cha mapipa ya taka, pale nyumba ya wageni ulipokuwa ukifanya kazi. Ulikuwa ukiniambia iko siku tutaingia kwa mlango wa mbele, mimi na wewe, na atakayetuuliza tunakwenda wapi tutamjibu. Mkwe wako alicheka mpaka akakalia begi. Mimi nilicheka pia, lakini masikio yalikuwa ya moto.

Tulipewa chumba namba nne. Kabla sijakaa nilikuwa nimeshapitisha kidole juu ya fremu ya mlango: safi. Nikainua godoro: safi. Nikapiga magoti nikachungulia nyuma ya choo, mahali ambapo wavivu wote hukamatwa: safi kuliko ghorofa zangu. Nilijua pale kuna mtu anayeijua kazi.

Kesho yake mkwe wako alitoka alfajiri na mfuko wake wa spana kwenda kukagua pampu. Mimi nikaamka, nikatandika kitanda kwa ile pembe uliyonifundisha wewe, inayokunjwa kama bahasha. Nikaosha sinki, nikakunja taulo mara tatu, nikafuta kioo, nikafagia, nikatoa taka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilijipa mwenyewe asubuhi ya kwanza, tena kabla ya chai.

Laiti ningejua! Anayeshughulikia vyumba pale ni mwanamke wa rika la mdogo wangu. Wanamwita Kimya kwa kuwa akipita humsikii, na ana miaka kumi na moja katika kazi hiyo. Aliyemfundisha ni marehemu mke wa Nahodha, na mama huyo alikuwa na kanuni yake: mgeni akitandika kitanda chake mwenyewe, ujue hakuridhika na aliyemtandikia. Basi Kimya akafungua namba nne, akaona kitanda kimenyooka kuliko alivyokinyoosha yeye, pembe nne kama zimepigwa rula. Akahesabu moja na moja, akajiambia: Huyu ndiye mwenye hoteli mpya, ametandika kunionyesha kwamba sifai.

Mchana nilimkuta nyuma ya jikoni amekalia begi lake la nguo. Nilipomuuliza anakwenda wapi, alijibu kwa adabu kabisa kwamba anasubiri gari. Gari lenyewe ni la kesho yake. Nilimwambia sikuwa na kinyongo chochote, ni mazoea tu, na mazoea yana taabu. Hakuniamini. Aliniuliza ni nani huyo mwenye mazoea ya kufanya kazi ya mwenzake naye yuko likizo. Ikabidi nimweleze yote: kwamba na mimi ni mtu wa toroli, na kwamba vitanda nilivyotandika havina idadi, lakini kulala kwenye kitanda cha hoteli nikiwa mgeni, hata mara moja, sijawahi. Usiku uliopita ulikuwa wa kwanza, nami nilikuwa nimelala ukingoni nisiharibu shuka.

Kimya akasema hata yeye hajawahi. Tukakaa pale juu ya begi, wanawake wawili wazima, tukacheka mpaka mpishi akachungulia. Mwishowe akaniomba hisani moja. Kesho asubuhi nisiguse kitu. Nisinyanyue hata taulo. Nibaki kitandani mpaka aje.

Mama, hakuna zamu ngumu niliyowahi kufanya kama ile. Nilikuwa macho tangu saa kumi na moja, nimefunikwa hadi kidevuni, mikono inawasha. Niliona vumbi kwenye taa nikafumba macho. Saa moja akagonga mara mbili, akaingia na trei ya chai, akaiweka karibu yangu, akafungua pazia polepole, ukungu wote ukawa pale dirishani. Halafu akaniuliza, kama anavyowauliza wageni wake wote, "Umelalaje, mama?"

Nikalia. Si machozi mawili matatu, nililia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni kisha akaonekana. Miaka ishirini na nne nimewauliza watu wamelalaje, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Kimya hakushtuka wala hakuuliza. Alisimama pale dirishani akawa ananyoosha pazia ambalo lilikuwa limenyooka tayari, mpaka nikamaliza, kisha akaniambia chai itapoa.

Tangu asubuhi ile nikaanza kumwangalia Nahodha kwa jicho lingine. Nilikuwa natazama vyumba, nikaacha, nikamtazama mwenye vyumba. Siku nzima anaingia na kutoka kwa mlango wa jikoni, huku kabeba kreti la nyanya, huku kaburuta mtungi wa gesi. Ngazi za mbele huzipanda anapopokea mgeni tu. Siku ya nne nilimuuliza, kwa mazungumzo tu, chumba kipi kati ya kumi na moja kinaona bonde vizuri zaidi asubuhi. Akafikiri. Akavua kofia akajikuna. Akasema wageni husifu namba nne, lakini yeye hajui, maana tangu mkewe afariki hajalala katika chumba hata kimoja. Hulala stoo, kwenye kitanda chembamba kando ya tangi la maji moto, ili mgeni akikosa maji asikie mapema. Alinionyesha. Ukutani pana ndoano ya funguo kumi na moja, na chini yake viatu vyake, vimeelekezwa mlangoni tayari kuvaliwa.

Nilitazama vile viatu nikaviona ni vyangu.

Sasa mdogo wangu, soma polepole, na mama mshike mkono.

Hatukununua.

Zile barua mbili nilizozichana zilikuwa za uongo. Katika ya kwanza nilikuandikia kwamba paa linavuja. Paa halivuji, mama. Mkwe wako alipanda juu akalikagua bati kwa bati. Katika ya pili nikasema nyaraka zina kasoro, na nyaraka zimenyooka. Pampu ni nzima, bomba la kutoka kwenye chemchemi ni zuri hata mkwe wako alilisifu, na yeye hasifu bomba la mtu. Hata yale maji ya madini ni kichujio tu, alikisafisha kwa saa moja. Hoteli ile ni nzuri, bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wetu, na tungeiweza. Mimi ndiye niliyekataa. Sitaki hoteli. Nadhani sikuwahi kuitaka hata siku moja. Niliitaka kwa ajili yako, kwa sababu ya lile neno lako la kichochoroni, na kila ulipoongeza foronya moja nilizidi kushindwa kukuambia. Nilikuwa najiambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kumbe mtu anaweza pia kuvaa nguo zake akarudi nyumbani, na asife.

Nilichokuwa nakitamani miaka yote ni kile kikombe cha chai. Nilitaka kulala, mtu mwingine aamke.

Alhamisi jioni nilimwambia mkwe wako tukiwa barazani. Nilidhani ataumia, maana siku nne nilikuwa namsikia akipiga mluzi chini ya sakafu. Alimaliza kufuta spana yake. Akasema kazi ya bomba anaipata popote penye watu, ila mke aliyelala mpaka saa moja asubuhi amemwona mara moja tu katika miaka ishirini na miwili ya ndoa, na angependa kumwona tena. Kisha akaongeza kwamba, kusema kweli, ile njia ya mawe ilikuwa imeshamtoa figo. Hivyo ndivyo alivyo mkwe wako, hawezi kukaa na neno zuri bila kulichafua.

Ijumaa saa sita kasorobo nikamwendea Nahodha. Aliniuliza kasoro ni ipi, nikamwambia hakuna. Hakuamini, akaanza kuyatetea maji. Nilipomweleza sababu yenyewe, pamoja na habari ya viatu, aliacha kuyatetea, akaitazama miguu yake. Kisha akacheka, akasema basi itabidi na yeye auze upesi, kabla hajafa bila kujua chumba chake kipi kinaona bonde. Wiki iliyofuata aliwauzia ndugu wawili, vijana wenye nguvu na magoti mapya, wamekubali kubaki na wafanyakazi wote. Kimya wamempa usimamizi wa vyumba. Niliwaandikia mimi barua ya kumsifia, na safari hiyo sikuandika uongo hata kidogo.

Unaweza kuniuliza najisikiaje. Mama, nimepumua. Nilipotoka pale kwa Nahodha nilihisi kama ile dakika ya mwisho wa zamu unapovua viatu vya kazi na miguu inakushukuru. Nilisinzia garini njia nzima, mawe na yote. Nimepata kazi ya kufundisha wasichana usafi wa vyumba katika chuo kimoja hapa mjini, siku tatu kwa wiki, na ile pembe ya bahasha naifundisha kwa jina lako. Wananiita mwalimu. Mwambie mshonaji kwamba Bi Mkurugenzi amejiuzulu kabla ya kuajiriwa, acheke, ayamalize.

Kilichobaki ni wewe. Najua umewatangazia watu, na najua una foronya ishirini na mbili ndani ya kabati, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nisamehe. Ningekuambia mapema, ila nilikuogopa, na si kwa ukali wako. Niliogopa kukuona umenyamaza. Lakini lile neno la kichochoroni sijalisahau, na nimelitafakari. Mwenye hoteli hapiti mlango wa mbele, mama. Nimemwona kwa macho yangu, anapita jikoni na nyanya. Anayepita mlango wa mbele ni mgeni.

Kwa hiyo nimekuandikisha. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao gari litakuchukua mlangoni kwako, na mimi nitakuwa ndani yake. Tumepata wiki nzima, namba nne yako na namba tano yangu, kila kitu kimeshalipwa, hivyo usianze kubisha. Tutapanda zile ngazi za mbele polepole, goti lako na mkono wangu, na tukiulizwa tunakwenda wapi tutajibu. Kimya anakungoja. Beba foronya mbili tu, utakazolalia. Zilizobaki mpe mdogo wangu, ambaye natumaini amesoma mpaka hapa bila kuruka.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, majirani, na huyo daktari wako, mwambie goti linakuja kupumzika. Mkwe wako anasema uje na sweta. Na mimi nina ombi langu moja, dogo, ambalo najua litakushinda siku ya kwanza kama lilivyonishinda mimi. Ukiamka asubuhi, mama, kitanda usikitandike. Kaa humohumo, usikie mtu akigonga.

Ni mimi mwanao,
Kifungua mimba wako